Mkanda Namba Tisini na Saba

Palikuwa na nchi. Ukiitambua, tafadhali nyamaza, maana kwao kutambua mambo ni kosa lenye kifungo. Mimi nimezaliwa humo humo na sijawahi kutambua chochote, ndiyo sababu mpaka leo niko salama na nina afya njema.

Nchi hiyo ilitawaliwa kwa mieleka. Si ile ya vijana kuangushana mchangani baada ya mavuno. Hii ilikuwa ya ulingoni, ya kamba na taa na watu kujirusha kutoka juu ya nguzo, mshindi akafungwa mkanda mpana kiunoni. Kila mtu alijua kwamba mshindi huamuliwa mapema, ofisini, na watu wenye miwani. Lakini palikuwa na Sheria ya Kutokujua. Ilisema raia yeyote atakayetamka, kuandika, au kutabasamu kwa namna ya kuonyesha kwamba matokeo hupangwa, atakwenda jela miaka miwili. Aliyeitunga alikuwa na haraka, akasahau kujitoa yeye na wenzake. Kwa hiyo hata wale waliopanga walikuwa hawajui.

Mwanzoni mkanda ulikuwa mmoja, Mkanda Mkuu, na nchi nzima iliuheshimu. Kisha Waziri wa Maji akaona haya kukaa mikutanoni kiuno kitupu, akaanzisha Mkanda wa Maji Baridi. Waziri wa Mifugo alipoona mwenzake amependeza, akaanzisha wake wenye pembe. Mikanda ikazaana. Mwaka niliobeba mimba ilikuwa imefika mia mbili na kumi na miwili, ukiwemo Mkanda wa Mabingwa Wastaafu, na ukiwemo Mkanda wa Muda wa Kutumika Wakati Mkanda Halisi Uko kwa Fundi.

Sasa kwa wingi huo, mtu atajuaje ameshika mkanda wa maana au ameshika kamba ya suruali? Serikali ikaunda Tume ya Kupima Heshima ya Mikanda. Tume ikaupa kila mkanda namba, na kila namba ikapewa haki zake, na kila kata ikaishi kwa namba ya mkanda wake. Namba moja hadi kumi walipata hospitali yenye lifti. Kumi na moja hadi hamsini, daktari. Hamsini na moja hadi mia moja, mkunga. Kuanzia mia moja na moja walipata picha ya mkunga. Ilikuwa picha nzuri, ya rangi, ndani ya fremu, mkunga anatabasamu.

Kata yetu ya Kisimakavu ilikuwa namba tisini na saba.

*

Sina budi kusema hili mapema, ili usije ukadhani nasimulia mzaha. Mtoto wangu wa kwanza nilimpoteza mwaka ule kata yetu iliposhuka kwa miezi mitatu hadi namba mia na mbili. Mkunga wetu, Bi. Mashavu, walimchukua kwa gari, wakatundika picha mahali pake. Nilijifungua nikiitazama. Picha ilitabasamu mpaka mwisho.

Aliyetupandisha tena ni dada yangu, Siwatu. Siwatu hufanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Mikono yake imejengwa na magunia ya mahindi, na sauti yake imejengwa na ile injini. Jumamosi hupanda ulingoni kwenye uwanja wa gulio, na wakati ninaousema alikuwa ameushika mkanda wa kata kwa miaka sita, ukiacha hiyo miezi mitatu.

Na mkanda wenyewe haukuwa wa dhahabu. Siku Tume ilipotangaza kwamba kata isiyo na mkanda itafutwa kwenye ramani ndani ya siku tatu, sisi hatukuwa na hata ngozi ya mbuzi. Marehemu mama yetu akafungua sanduku lake, akatoa mkaja. Ni kile kitambaa alichofungwa tumboni siku arobaini alipomzaa Siwatu, akafungwa tena aliponizaa mimi. Akakikunja mara tatu, akakishonea mbele mfuniko wa sufuria ya pilau uliogongwa kwa nyundo. Tume ilipouona iliandika: "Kitambaa. Kina harufu ya mdalasini."

Lakini namba tisini na saba ilikuwa na neema moja. Idara ya Bahati, ile ya watu wenye miwani, haikujisumbua na mikanda midogo. Hivyo matokeo yetu tulijipangia wenyewe, na mara nyingine, Mungu atusamehe, hatukupanga kabisa. Watu walikuwa wanashindwa kwelikweli na kulia kwelikweli. Mwalimu wa hesabu aliposhindwa na Siwatu kwa mara ya nne, alikaa chini ya ulingo akalia kama amefiwa, na wanafunzi wake walimletea maji.

*

Balaa lilianzia kwenye lori. Tume ilinunua mtambo uitwao Kipima-Shangwe, wenye mshale unaozunguka kwenye sahani ya namba, ukafungwa juu ya lori, ukapitishwa nchi nzima ili heshima ipimwe kisayansi.

Walianza mji mkuu, kwenye Mkanda Mkuu. Mkanda huo alikuwa nao Mzee Ngwinde, Nguzo ya Taifa, kwa miaka kumi na tisa. Nyonga yake ilikuwa imekufa tangu mwaka wa tano. Wapinzani walikuwa wakianguka wenyewe akikohoa. Kuna siku, katikati ya pambano, tumbo lilimkamata, akatoka ulingoni kwenda msalani; mwamuzi, kijana mgeni kazini, akahesabu kumi za mtu aliye nje. Nchi ilitetemeka. Usiku huohuo bunge likapitisha Kanuni ya Kumi na Nne: bingwa akihesabiwa nje ya ulingo, ameshindwa pambano, lakini mkanda hautoki kiunoni mwake. Mkanda hutoka tu kama amelazwa mabega chini, ndani ya kamba. Kwa heshima ya tumbo la Mzee kanuni hiyo ikachapishwa kwa wino wa kijani.

Basi, shangwe ilipopimwa mji mkuu, shule kumi na mbili zikiwa zimeletwa kushangilia, mshale ulisimama kwenye tatu. Wataalamu walichunguza wakagundua mbili kati ya hizo zilikuwa chafya za mafua.

Lori likafika Kisimakavu Jumamosi. Siku hiyo Siwatu alikuwa anamtupa mwalimu wa hesabu kwa mara ya tano. Mshale ulizunguka, ukarudi ulikotoka, ukazunguka tena, ukapinda.

Katibu wa Tume, Dokta Mapande, alikuja mwenyewe kuuangalia. Alikuwa mtu mfupi wa suti ndefu. Alisimama mbele yetu akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Heshima ni rasilimali ya taifa, kama madini! Imegundulika kwamba kata hii inakalia heshima nyingi kuliko uwezo wake! Serikali haiwezi kuacha heshima ikapotea vijijini! Itachimbwa! Itasafirishwa!"

Tukapiga makofi. Mshale uliopinda ukatikisika kidogo, Dokta Mapande akamwambia fundi auzime mtambo.

Wiki iliyofuata tangazo likatoka: mkanda namba moja utaunganishwa na mkanda namba tisini na saba. Mzee Ngwinde atakuja kupambana na Siwatu papa hapa Kisimakavu, mshindi achukue yote miwili. Chini, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba mkanda ukihama, viambatisho vyake huhama nao. Viambatisho vyetu vilikuwa kitanda kimoja, mizani ya kupimia watoto, na Bi. Mashavu.

Pambano ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Bi. Mashavu alinipapasa tumbo, akahesabu kwa vidole, akakunja uso.

"Wiki hii hii," alisema. "Na huyu amekaa vibaya, mwanangu. Anataka kuja kwa matako. Huyu anahitaji mikono."

*

Barua ya Idara ya Bahati ililetwa kwa Siwatu Alhamisi na tarishi mwenye adabu sana. Haikuwa na kichwa wala muhuri. Ilisema: *Jumamosi, saa nne na dakika nane, utachoka. Nguzo ya Taifa atashinda.* Basi.

"Karibu chai," dada alimwambia.

"Nashukuru, dada yangu, lakini utaratibu unaujua. Naisubiri."

Utaratibu ulikuwa kwamba ukishasoma barua ya Idara unaila mbele ya tarishi, ili isijulikane kwamba iliwahi kuwepo. Siwatu akaichovya kwenye chai, akaitafuna. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika kiuno.

"Nzito kidogo," dada alisema.

"Karatasi ya mwaka huu ni nene," tarishi akakubali. "Fungua mdomo. Inua ulimi. Ahsante. Mimi sikuja hapa."

"Wala mimi sikukuona. Msalimie mama."

Alipoondoka, Siwatu alianza kunisugua miguu iliyovimba. Kisha akasema, "Nunu, nisipochoka watanifunga. Nikichoka, Bi. Mashavu anaondoka. Sasa niambie, mdogo wangu, nichoke vipi?"

Nilianza kulia, na yeye akaanza kuninyamazisha kwa ile sauti yake ya injini, na jirani akagonga ukuta akidhani mashine imeletwa nyumbani.

*

Uchungu ulinikamata Jumamosi alfajiri. Hapo wala sikushangaa. Mume wangu alikuwa safarini na lori la vitunguu. Siwatu ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati, akanilaza, akanibusu paji la uso, akaenda ulingoni. Zahanati na uwanja wa gulio vinatazamana, katikati ni barabara tu.

Saa tatu na nusu gari la Tume likaegeshwa mbele ya mlango wetu, injini inanguruma. Dereva, kijana aitwaye Mwinchande, akapiga hodi.

"Shikamoo, mama mkunga. Nimekuja kukuchukua."

"Marahaba. Mkanda umehama?"

"Bado. Nimeambiwa nisikilize redio. Mkanda ukihama tu, nakupakia wewe, kitanda na mizani."

"Na huyu aliye juu ya kitanda?"

Mwinchande alinitazama, akatazama karatasi yake. "Huyu hayumo kwenye orodha."

"Basi kakae garini usikilize. Na uzime hiyo injini, moshi unaingia."

"Siwezi, mama. Imeandikwa 'injini ikiwa inawaka'."

Akaenda. Mlango ulibaki wazi. Redio yake nayo ikabaki wazi, na mimi nikawa na masikio mawili: moja kwa Bi. Mashavu anayeniambia sukuma na usisukume, moja kwa mtangazaji.

*

Haya ya ulingoni alinisimulia Siwatu baadaye, lakini nyayo za umati nilizisikia mwenyewe, maana maji yalitikisika ndani ya beseni.

Kengele ililia saa nne kamili. Wakashikana. Wapiganaji wa mieleka wakishikana huwa wananong'onezana, na hilo nalo hatulijui. Mzee Ngwinde alimbana dada kichwa kwapani. Alinuka dawa ya kuchua.

"Shikamoo, Mzee," dada alinong'ona kutoka kwapani.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa?"

"Hatujambo. Nyonga je?"

"Acha tu. Usinivute kushoto."

"Kulia?"

"Kulia kuna goti."

Basi dada akawa anamzungusha mbele na nyuma, kama mtu anayehamisha kabati lenye vyombo. Alijirusha mwenyewe, akajibamiza mwenyewe, akapiga yowe pale Mzee alipomgusa. Umati haukudanganyika. Ulinyamaza. Watu walijua kiambatisho ni nini.

Dakika ya nne. Dakika ya tano. Mtangazaji alikuwa ameishiwa sifa, akawa anarudia urefu wa Mzee Ngwinde. Pembeni mwa ulingo walikaa maaskari sita wa Sheria ya Kutokujua, kila mmoja na daftari, wanachunguza nyuso kama kuna anayetabasamu. Dokta Mapande alikuwa meza kuu, kipaza sauti mkononi tayari kwa hotuba ya ushindi, jicho kwenye saa.

Dakika ya saba mguu wa mtoto ukakwama. Bi. Mashavu aliniambia nisisukume hata kama dunia inapasuka. Mikono yake ilikuwa ndani yangu na jasho lake lilinidondokea gotini. Nilipiga ukunga. Sikukusudia usikike mbali.

Ulivuka barabara. Siwatu aliusikia, Mzee Ngwinde aliusikia. Uwanja mzima uligeuza shingo.

"Nani huyo?" Mzee alinong'ona.

"Mdogo wangu. Anajifungua. Mkunga ni kiambatisho cha mkanda huu, Mzee. Nikilala hapa, gari linamchukua."

Mzee alimshika dada mabega, wanapumuliana usoni. Saa ya uwanjani ikasogea. Nne na dakika nane.

"Mimi sikuambiwa hayo," alisema. "Mimi huambiwa nikohoe tu." Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Mwanangu, umechoka?"

"Nimechoka, Mzee."

"Choka basi. Nikohoe?"

"Kohoa. Lakini kitanda changu hakiko hapa."

Mzee akakohoa. Siwatu akayumba, akapepesuka, akamshika Mzee mkono akamkalisha taratibu kwenye kona kwa ajili ya ile nyonga. Halafu akainama, akapita chini ya kamba, akatoka nje ya ulingo. Juu ya meza ya mpiga kengele palikuwa na mikanda miwili. Ule wa dhahabu aliuacha. Akachukua mkaja wa mama, akautupia begani, akaanza kutembea.

*

Mwamuzi alikuwa mtu wa mji mkuu, anayefuata kitabu. Mbele ya Bingwa Mkuu hakuna hesabu bila itifaki. Akainua kidole.

"Mheshimiwa Nguzo ya Taifa! Mheshimiwa Katibu wa Tume! Waheshimiwa viongozi wa dini! Wageni waalikwa! Itifaki ikiwa imezingatiwa... moja!"

Dada alikuwa amefika kwenye mabanda ya nyanya.

"Mheshimiwa Nguzo ya Taifa! Mheshimiwa Katibu wa Tume!..."

Dokta Mapande alisimama, akakaa, akasimama tena. Alimkimbilia Siwatu kwa ile suti ndefu, na kwa kuwa alisahau kuweka chini kipaza sauti, kila neno lilisikika uwanja mzima, na redioni, na kitandani kwangu.

"Bingwa! Bingwa Siwatu! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani, mheshimiwa. Nimechoka."

"Sasa ndiyo uchoke huku? Chokea kule ndani!"

Umati ukavuta pumzi. Maaskari sita wakachovya kalamu ulimini. Siwatu akasimama, akageuka polepole, akamtazama Dokta Mapande kwa macho ya unyenyekevu kabisa.

"Kwani mheshimiwa alijua kwamba leo nitachoka?"

Nasikia hata nzi wa kwenye samaki walitulia. Dokta Mapande alitazama maaskari. Maaskari walimtazama, kalamu juu ya karatasi. Palikuwa na barua moja tu duniani ya kumtetea, na ilikuwa imeliwa Alhamisi na chai.

"Mimi?" alisema. "Mimi... sijui chochote."

"Ahsante, mheshimiwa," dada akasema, akaendelea na safari.

"...Itifaki ikiwa imezingatiwa... saba!"

Mzee Ngwinde alikaa kwenye kona yake amenyoosha mguu. Wanasema alikuwa anamsaidia mwamuzi kukumbuka majina ya wageni waalikwa, asiache hata mmoja.

*

Redio ikalipuka: "Kumi! Kumi, ndugu msikilizaji! Nguzo ya Taifa ameshinda! Ameshinda, ameshinda, ameshinda!"

Nikasikia mlango wa gari. Mwinchande akasimama kizingitini, kofia mkononi.

"Mama, ameshinda. Vaa viatu, tafadhali."

Bi. Mashavu hakuinua kichwa. "Nimeshika roho mbili hapa. Umesikia kwamba mkanda umehama?"

"Nimesikia ameshinda."

"Sikuuliza nani ameshinda, baba. Nimekuuliza mkanda. Rudi ukasikilize mpaka mwisho. Nunu, tulia. Usisukume. Pumua."

"Mama, mimi nina watoto," Mwinchande alisema. Aliingia hatua moja, akashika mguu wa kitanda. Aliushika tu, hakuuvuta. Nilidhani ndio mwisho. Niligeukia ukuta, na pale ukutani bado palikuwa na msumari wa ile picha.

Kwenye redio mtangazaji alikuwa anakohoa. "Ndugu msikilizaji... naletewa hapa kitabu cha kanuni... ni ile ya wino wa kijani..."

Kivuli kikaziba mlango. Alikuwa Siwatu, vumbi mwili mzima, mkanda begani.

Mwinchande alimtazama, akatazama karatasi yake. "Huo si ndio mkanda?"

"Ndio wenyewe."

"Sasa umehama au haujahama?"

"Nimehesabiwa nje. Nimeshindwa. Kanuni ya Kumi na Nne, mkanda ni wangu bado. Ila kama ni kuhama, umehama kutoka gulioni umekuja hapa. Karatasi yako inasemaje?"

Alisoma kwa kidole. "'Mkunga afuatane na mkanda popote uendapo.'"

"Mkanda uko wapi?"

"Hapa."

"Na mkunga?"

"Hapa." Alifikiri. Uso ulimfunguka kidogo kidogo, kama mtu anayekumbuka mahali alipoweka ufunguo. "Basi kazi nimeimaliza." Akaachia mguu wa kitanda, akatoka, akazima injini.

Sijawahi kusikia kimya kitamu kama kile. Bi. Mashavu akasema, "Sasa. Sukuma."

*

Magazeti yaliandika "Nguzo ya Taifa Aibuka Kidedea", na hakuna aliyebisha, maana ilikuwa kweli. Tume ilikaa kikao siku tatu kutafuta namna ya kurekebisha jambo bila kujulikana kwamba wanajua lilivyotakiwa kuwa. Walishindwa. Mwishoni walimtuma karani na fomu, kuja kuthibitisha mkanda uko kwa nani.

Karani alinikuta kitandani, mtoto titini. Alitafuta mkanda kwa Siwatu hakuuona. Alitafuta kabatini. Ndipo Bi. Mashavu akafunua shuka kidogo, kwa staha.

Nilikuwa nimeufunga. Siku ile ile ya kujifungua Bi. Mashavu alifumua mfuniko wa sufuria, akakunjua kitambaa, akasema mkaja umerudi kazini kwake, akanifunga tumbo nao kama alivyofungwa mama. Na mfuniko tukaurudisha juu kwa pini mbili, kwa sababu ya sheria.

Karani alifungua kitabu chake. Kanuni ya Kwanza: bingwa ni yule aliyefungwa mkanda kiunoni mbele ya shahidi mwenye cheo.

"Shahidi una cheo?"

"Kiambatisho," Bi. Mashavu alijibu.

Akaandika. "Jina la bingwa nimepata. Uzito?"

"Kilo tatu na robo."

"Huyu?" Alinielekeza kalamu.

"Huyu sikumpima. Mizani ni ya watoto."

Akaandika kilo tatu na robo. "Mtindo wa ushindi?"

Bi. Mashavu alifikiri kidogo. "Matako kwanza."

Akaandika hivyo hivyo. "Na ni lini mkanda unaweza kushindaniwa?"

"Mtu hamshiki mzazi kabla ya arobaini. Wewe mwenzetu hukuzaliwa na mwanamke?"

Karani akafunga kitabu, akaomba kumbeba mtoto. Tukampa.

Leo ni siku ya thelathini na tisa. Nimeutetea mkanda siku zote hizi bila kushindwa, nikiwa nimelala. Nje kuna foleni. Siwatu ni wa kwanza, ananyoosha mikono. Mwalimu wa hesabu ni wa pili. Wa tatu ni Mzee Ngwinde, amekuja na kuku na kipande cha sabuni ya mtoto, ameketi kwenye kigoda kwa ajili ya nyonga. Mkanda Mkuu kauacha nyumbani. Anasema unambana, na kwa miaka kumi na tisa hajaona mtu aliyeusubiri hata dakika moja. Lori la Tume limepita asubuhi bila mshale. Kwa sasa sisi hatuna namba. Wameandika "inachunguzwa", na inayochunguzwa haiguswi viambatisho.

Jioni hii dada amekuja dirishani, akanong'ona, "Nunu, kesho dakika ya kwanza tu uchoke, sawa? Usinisumbue."

Nimemhamishia mwanangu titi la pili. Nimemjibu kwamba mimi ni raia mwema, sijui chochote.